Kitalu cha Parachichi Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mbegu ya Februari Hadi Mvua za Desemba

Mteja wa miche ya parachichi haji Septemba. Anakuja mvua zikishashika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, mashimo yake yameshachimbwa na samadi imeshaingia, na anataka aondoke na miche siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka wa kitalu huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Mche wa kupandwa Desemba au Januari uwe umebebeshwa, yaani umeunganishwa na kikonyo (kitawi kilichokatwa kwenye mti mama), Agosti, au ikichelewa sana mwanzoni mwa Septemba. Ili ubebeshwe wakati huo, shina lake liwe limefikia unene wa penseli. Na ili lifikie unene huo baridi inapoisha, mbegu iwe imesiwa Februari au Machi. Ukichelewa mwezi mmoja hapo katikati, mauzo hayasogei kwa mwezi mmoja. Yanasogea msimu mzima.

Miezi ninayoitaja ni ya Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, kwenye msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, halafu baridi kali ya Juni na Julai. Rungwe mvua ni nyingi zaidi, kwa hiyo wenzetu wa huko wana nafasi kubwa ya kuchezea tarehe. Walioko kwenye masika na vuli, kama Kilimanjaro au Murang'a ya Kenya, watumie hesabu ile ile ya kurudi nyuma, ila miezi waibadilishe.

Mahali pa kitalu

Maji yako bondeni, na kila anayeanza huvutwa huko, karibu na vinyungu, zile bustani za bondeni. Fikiri mara mbili. Usiku wa Juni na Julai hewa ya baridi, ambayo ni nzito, huteremka mlimani na kutuama bondeni. Asubuhi unakuta sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe, juu ya majani ya bondeni, wakati hatua chache kupanda mteremko hakuna kitu. Mparachichi mchanga hauvumilii hali hiyo: ncha hugeuka nyeusi na mche hupoteza miezi. Weka kitalu kwenye mteremko, juu ya bonde, hata kama itakubidi ununue mpira mrefu wa maji na pampu ndogo. Na kama una uzio, upande wa chini usiwe mnene, kwa sababu baridi inayoteremka inahitaji njia ya kutokea.

Chini ya viriba mwaga kokoto au changarawe ili maji ya mvua na ya kumwagilia yasirushe tope kwenye miche. Mlangoni weka beseni pana lenye sponji iliyoloweshwa dawa ya kopa au Jik, na kila anayeingia akanyage hapo kwanza, awe mteja, fundi au mheshimiwa. Wapo watakaoona ni maringo. Wakikanyaga, waeleze sababu.

Udongo, na ugonjwa unaoletwa na viatu

Sababu ni kuoza kwa mizizi kunakosababishwa na vimelea viitwavyo Phytophthora cinnamomi. Vinaishi kwenye udongo na kusafiri kwa maji, kwa jembe na kwa soli za viatu. Mche ulioambukizwa kitaluni unaweza kuondoka ukiwa wa kijani kabisa, ukapandwa shambani, ukadumaa mwaka wa pili na kufa wa tatu, na shamba la mteja likabaki na ugonjwa kwa miaka mingi. Katika kazi yote ya kitalu sioni jambo lenye uzito kuliko hili, kwa sababu hasara yake inamwangukia mtu aliyekuamini.

Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo 3 za udongo wa juu wa msituni, ndoo 1 ya samadi iliyoiva na ndoo 1 ya mchanga. Udongo wetu mwekundu hushika maji sana, kwa hiyo kama ukiukamata mkononi ukiwa mbichi unafinyangika kama wa kutengenezea chungu, ongeza mchanga au pumba za mpunga zilizounguzwa. Samadi isiwe na joto wala harufu kali.

Kisha uchemshe kwa mvuke. Kata pipa la mafuta kwa urefu, weka maji kidogo chini, tandika wavu juu ya maji, jaza udongo wenye unyevunyevu, funika kwa gunia lililolowa na washa moto. Nyuzi joto 60 kwa dakika 30 zinatosha kuua vimelea hivi. Asiye na kipimajoto atumie kiazi: kifukie katikati ya udongo, na kikiiva, udongo umepita kiwango hicho. Viazi havikosekani Njombe. Njia nyingine ni kulaza udongo uliolowa chini ya nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6, lakini kwa jua letu la baridi mimi naiamini zaidi ikifanywa Oktoba, kwa ajili ya udongo wa msimu unaofuata.

Udongo ukipoa, jaza viriba virefu kuliko vilivyo vipana, kwa mfano vya inchi 6 kwa 10. Mparachichi unashusha mzizi mkuu mapema, na kiriba kifupi kinaukunja.

Mbegu: Februari na Machi

Mbegu za shina, yaani za mche wa chini utakaobebeshwa, huchukuliwa kwenye parachichi za kienyeji, kutoka mti mzee wenye afya uliovumilia mahali hapo. Tunda lichumwe mtini. Lililookotwa chini limegusana na udongo, na tayari tumeona udongo unabeba nini.

Mbegu ya parachichi haihifadhiki. Ikikauka imekufa, kwa hiyo isiwekwe juani wala isikae wiki nyingi ikisubiri udongo. Ioshe nyama yote, kisha iloweke kwenye maji ya nyuzi joto 49 hadi 50 kwa dakika 30, halafu itumbukize kwenye maji ya baridi na uianike kivulini. Hapa nunua kipimajoto, usikisie. Ile desturi ya kuchanganya nusu ya maji ya moto na nusu ya baridi haina uhakika: kwenye miinuko yetu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na maji ya bombani ya Makete si sawa na ya Mbeya. Nyuzi chache zaidi zinaua kiini, na chache pungufu zinaacha ugonjwa.

Menya gamba la kahawia, kata kipande chembamba juu upande wa ncha, na panda upande mpana ukiangalia chini, kichwa kikichungulia kidogo juu ya udongo. Kumenya na kukata huharakisha uotaji. Kwenye joto mbegu huota ndani ya wiki 4 hivi, na kwenye ubaridi inaweza kufika 8 au zaidi. Usiichimbue kuitazama. Zikitoka chipukizi mbili au tatu, acha moja iliyonyooka.

Kusia kukipita Machi, mbegu hukutana na baridi ikiwa bado haina majani, na hapo husimama tu hadi Septemba. Shina lake litanenepa wakati wenzake wanauzwa.

Juni na Julai: miezi ya kutofanya mengi

Wakati wa baridi mche haukui, na kosa kubwa ni kuulazimisha. Usiweke mbolea ya chumvichumvi. Mizizi iliyopoa haiitumii, inabaki kwenye kiriba na kuunguza. Maji yapunguzwe. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Kama huko ndani kuna ubichi, acha. Unapomwagilia, mwagilia saa nne asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku.

Jioni anga ikiwa haina wingu na upepo umetulia, tegemea sakitu. Hakikisha udongo una unyevu kiasi, maana udongo mkavu hupoteza joto upesi, kisha funika miche kwa neti au nyasi zilizolazwa juu ya fito, zisigusane na majani. Asubuhi jua likishapanda, funua.

Huu ndio wakati wa kazi za mikono. Inua kila kiriba mara moja kwa mwezi. Mzizi uliotoboa chini ukakatike sasa ungali mwembamba, kuliko uje kukatika siku ya kuuza. Panga miche kwa unene, ya penseli peke yake, iliyo nyembamba peke yake. Noa visu. Nunua tepe na ile mifuko myembamba ya barafu za watoto, nitaeleza kazi yake. Na weka ahadi na fundi wa kubebesha mapema, kwa sababu Agosti kila kitalu kinamtafuta mtu yule yule.

Macho yanapovimba

Wageni wanaopanda Kitulo kutazama maua, kwenye hifadhi ya taifa tangu 2005 ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, huenda mvua zikishanyesha, kwani mimea mingi ya kudumu ya kule husubiri maji ndipo ichipue. Mparachichi hausubiri maji. Unasubiri joto. Mwishoni mwa Julai au Agosti, mchana unapoanza kupata joto huku ardhi bado ni kavu, macho kwenye ncha za matawi huvimba. Hapo ndipo utomvu umeanza kupanda, na hapo ndipo dirisha la kubebesha hufunguka.

Vikonyo vitatoka kwenye miti mama ya Hass, aina ya parachichi tunayoiuza. Mti huu ni lazima ubebeshwe. Miti yote ya Hass duniani ina asili ya mti mmoja wa Rudolph Hass huko California, aliyeuwekea hataza mwaka 1935, na ukipanda mbegu ya tunda la Hass unapata mti wa aina nyingine kabisa. Anayekuuzia "Hass ya mbegu" anakuuzia kitu kingine.

Chagua miti mama ambayo umeiona ikizaa. Ikague: mistari ya njano au nyeupe kwenye matawi machanga, au mabonde ya njano kwenye ganda la tunda, ni dalili za ugonjwa uitwao sanibloti. Hauna dawa. Hupita kwenye vikonyo, kwenye mbegu na kwenye kisu, na mti unaweza kuubeba bila kuonyesha chochote, ndiyo maana mti usio na historia usikatwe. Tumbukiza kisu kwenye Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, kila unapohama mti.

Sasa angalia jicho lenyewe kwa karibu, kwa sababu msimu huu ni pia msimu wa maua. Jicho nene la mviringo, lililotuna kama tumbo, lina maua ndani. Ukilibebesha litachanua juu ya kiriba na kuacha mche bila tawi. Jicho jembamba lenye ncha iliyochongoka ndilo la majani. Miti iliyobeba maua kwenye kila ncha, shuka chini kidogo ya ncha utafute macho ya pembeni. Kikonyo kizuri kina urefu wa sentimita 10 hivi, kimekomaa lakini bado ni cha kijani, macho yamevimba ila hayajapasuka. Lililopasuka limechelewa.

Kata asubuhi na mapema. Ondoa majani ukibakiza vishina vyake vifupi, funga kwenye gazeti lenye unyevu, tia kwenye mfuko, weka kwenye ndoo yenye kivuli. Bebesha siku hiyo hiyo. Ikibidi, siku 2 hadi 3 mahali pa baridi.

Kubebesha, hatua kwa hatua

1. Kata shina sentimita 20 hadi 25 juu ya udongo, mahali ambapo unene wake ni sawa na wa kikonyo. Bakiza majani machache chini ya mkato. Yanalisha mizizi wakati juu hakuna kitu.

2. Pasua katikati ya shina kwenda chini sentimita 3.

3. Chonga chini ya kikonyo pande mbili kuwa kabari ya urefu huo huo. Kila upande kwa mkwaju mmoja wa kisu. Uso ukiwa na mawimbi, hewa itabaki ndani na jeraha halitashikana. Usiguse mkato kwa vidole.

4. Ingiza kabari. Ngozi ya kijani chini ya gome la kikonyo iguse ngozi ya kijani ya shina. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, kisogeze upande mmoja walau huo ushikane. Kukiweka katikati ili kipendeze ni kukiua.

5. Funga kwa tepe kuanzia chini kwenda juu, kwa kukaza, kama unavyofunga bomba linalovuja.

6. Vika mfuko wa barafu juu ya kikonyo chote na uufunge chini ya kiungio. Unyevu unabaki ndani, na kikonyo kisicho na mizizi hakikauki kwa upepo wa Agosti, ambao huku ni mkavu na hauna huruma.

7. Andika kwenye kiriba: tarehe, namba ya mti mama, jina la fundi. Mlipe fundi kwa miche iliyoshika, na mkubaliane hivyo kabla hajaanza.

Miche ikae chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50. Baada ya wiki 3 hadi 5 utaona jicho limefunguka ndani ya mfuko. Usiuvue kwa pupa. Legeza fundo jioni, acha siku 3 au 4, kisha ondoa, jioni tena. Kikonyo kilichogeuka cheusi kimekufa. Kata chini yake, na kama bado ni mapema Septemba jaribu tena kwenye shina hilo hilo.

Chini ya kiungio shina la kienyeji litatoa maotea bila kuchoka. Yavunje kila wiki kwa kidole yakiwa laini. Ukiyaacha mwezi mzima yanauzidi nguvu mche uliobebeshwa, na mteja anaondoka na parachichi ya kienyeji aliyoilipia bei ya Hass.

Mawimbi ya majani mekundu

Mparachichi haukui mfululizo. Unakwenda kwa mawimbi: ncha inarefuka kwa kasi, inatoa majani laini ya rangi ya shaba, kisha inasimama wiki kadhaa majani yakigeuka kijani na kukakamaa, ndipo wimbi jingine lianze. Anayejua kusoma rangi hiyo anajua la kufanya kila siku.

Majani yakiwa mekundu, mche unatumia akiba. Usihamishe kiriba kingine, usiupeleke juani, usiuuze. Kinachohitajika ni maji ya uhakika na jicho la kila asubuhi, kwa sababu vidukari na thripsi, wadudu wadogo sana, hupenda majani hayo hayo. Geuza jani utazame chini yake. Wakiwa wachache, wasugue kwa vidole; wakizidi, nyunyizia jioni maji ya sabuni, kijiko kikubwa 1 cha sabuni ya maji kwa lita 2, na asubuhi suuza. Mche uliokatwa usawa wa udongo usiku ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Fukua kuzunguka shina utamkuta amejikunja.

Majani yakishageuka kijani, lisha. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya CAN kwa kiriba, kitawanywe pembeni mbali na shina, kisha maji mengi. Kiasi kidogo kwa kila wimbi ni bora kuliko kingi mara moja, maana mizizi ya parachichi huungua upesi kwa chumvi. Maji ya samadi yaliyochujwa na kuzimuliwa hadi yafanane na chai ya rangi yanafanya kazi vizuri pia.

Wateja wanaowahi huvutiwa na wekundu. Dada mmoja alisimama mbele ya safu ya miche iliyokuwa ikiwaka rangi ya shaba akasema, "Kaka, nipe hii, hii ina nguvu." Nikamwambia, "Dada, hii ipe wiki tatu. Leo chukua ile ya kijani pale nyuma." Ya kijani, yenye majani yanayotoa mlio ukiyakunja, inastahimili safari ya gari na jua la shambani. Nyekundu hunyauka kabla ya kufika Wanging'ombe.

Novemba: kukomaza na kuuza

Wiki 4 kabla ya kuuza anza kuizoesha miche jua. Funua neti asubuhi na jioni, kisha ongeza saa, mwisho iondoe kabisa. Fanya hivyo wimbi likiwa limetulia. Tepe ilegezwe au ikatwe pale inapoanza kubana gome.

Mche wa kuuza una shina moja lililonyooka, kiungio kilichofunga bila ufa, majani yaliyokomaa, walau sentimita 30 za ukuaji mpya juu ya kiungio, na mizizi isiyozunguka chini ya kiriba. Usiofikia hapo usiuze, hata mteja akibembeleza. Kuhusu usajili, zungumza mapema na ofisa kilimo na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kenya ni HCD, idara ya mazao ya bustani, na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Wakaguzi watauliza asili ya vikonyo, na kile ulichoandika kwenye viriba ndicho jibu lako.

Mteja wa Hass mpe pia miche michache ya Fuerte, aina nyingine ya parachichi, mmoja kwa kila kumi hivi. Maua ya aina hizi mbili hufunguka kwa zamu, Hass ikiwa jike asubuhi na Fuerte jioni, na nyuki wakipita kati yake matunda hushika vizuri zaidi. Mwelekeze apande mvua ikishalowesha ardhi kwa kina, achane kiriba kwa wembe badala ya kuuvuta mche, na kiungio kibaki juu ya udongo, nje ya matandazo.

Itakayobaki Februari, ihamishie kwenye viriba vikubwa wakati majani ni ya kijani. Punguza ncha, na iweke kwenye sehemu ya juu ya mteremko kabla ya Juni. Mwaka unaofuata itauzwa ya kwanza, mwishoni mwa Novemba, kwa wale wanaotaka mche mkubwa. Na wiki hiyo hiyo ya Februari mbegu mpya ziwe tayari kwenye maji ya nyuzi 50.